Kazi za Mikono kwa Mzee Mwenye Dimenshia: Namna ya Kuanza na Kuendelea Nyumbani

Ukimwambia mtu kwamba sanaa humfaa mzee mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kusahau, moja kwa moja atapita duka la vifaa vya shule arudi na penseli za rangi na daftari la kuchorea lenye vikatuni. Mzee atawekewa mezani na kuambiwa, "Haya bibi, paka rangi hapa." Atalisukuma daftari pembeni, na nyumba nzima itakubaliana kwamba bibi hapendi sanaa. Kumbe mwanamke aliyesuka mikeka tangu usichana wake, akaozesha mabinti na kuzika wazee, anajua sana anapofanywa mtoto, hata kama hajui leo ni Jumatatu au Ijumaa.

Mwongozo huu ni wa anayemtunza mzee nyumbani: binti, mkwe, mjukuu au dada wa kazi. Huhitaji kujua kuchora, wala huhitaji hela nyingi. Unachohitaji ni kujua mzee wako alikuwa nani kabla ya ugonjwa, na uwe tayari kuona kazi ikiharibika bila kusema kitu.

Jambo moja niliseme mapema ili usije ukauziwa matumaini. Sanaa haiponyi dimenshia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na hali hii, zaidi ya asilimia 60 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Alzheimer, aina iliyoenea kuliko zote, haina dawa ya kuiondoa. Hata uchambuzi wa mwaka 2018 wa Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopitia tafiti za tiba, kuhusu tiba ya sanaa ulikuta tafiti chache na ndogo mno, zisizotosha kuthibitisha faida kubwa. Ninachokuahidi ni kidogo kuliko tiba: nusu saa ambayo mzee ana shughuli, ametulia, na nyinyi wawili mna la kufanya pamoja zaidi ya kulishana na kuogeshana. Aliyewahi kukaa na mgonjwa wa namna hii kutwa nzima anajua nusu saa hiyo ina thamani gani.

Hatua ya kwanza: hospitali kwanza

Usianze kusuka kabla mzee hajapimwa. Kuchanganyikiwa kwingine kunatibika: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya thairoidi, maambukizi ya njia ya mkojo, msongo mzito wa moyo, au dawa kadhaa zinazogongana. Muulize daktari. Wakati huohuo mkague macho na masikio. Wazee wengi wanaosemwa "hawawezi tena kazi za mikono" wana mtoto wa jicho tu, au miwani yao imevunjika tangu mwaka juzi na hakuna aliyekumbuka kuitengeneza.

Hatua ya pili: andika historia ya mikono yake

Chukua daftari. Usiandike magonjwa yake, andika kazi zake. Alisuka nini? Alifinyanga? Alifuma vitambaa vya makochi? Alishona kofia za viua? Alitunga ushanga, alipaka hina maharusi, alipamba sahani ya halua? Mwanamume naye: alikuwa seremala, fundi cherehani, mvuvi aliyeshona nyavu, mchoraji wa vibao vya maduka, mpiga zumari? Waulize wadogo zake na mashoga zake wa zamani, maana watoto mara nyingi wanamjua mama yao kuanzia alipokuwa mama, na hawana habari kwamba kabla ya hapo alikuwa ndiye anayeongoza vugo kwenye harusi za mtaa.

Tunaanzia hapo kwa sababu inayoeleweka. Katika Alzheimer, sehemu ya ubongo inayopokea na kuhifadhi mambo mapya, hipokampasi, huathirika mapema. Ndiyo maana mzee anauliza swali lilelile mara kumi asubuhi moja. Lakini mazoea ya mikono, yaani kusuka, kukanda, kupiga ngoma au kushona, hutegemea sehemu nyingine zilizo ndani zaidi, pamoja na ubongo mdogo wa kisogoni, nazo kwa kawaida hudumu muda mrefu zaidi. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu asijue jina la mwanawe na bado akasuka ukili, ule utepe wa kuungia mkeka, ulionyooka.

Kuna pia kinyume chake, nacho usikipuuze. Katika aina ya dimenshia inayoanzia sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, watu wachache huibuka na hamu ya kuchora ambayo hawakuwa nayo maishani. Daktari Bruce Miller wa Marekani alieleza wagonjwa wa namna hiyo katika miaka ya 1990. Kwa hiyo kama baba aliyekuwa karani wa bandari anaanza kuchora ukutani kwa mkaa, kabla hujampigia kelele mtafutie karatasi kubwa.

Hatua ya tatu: usimpe ufundi wake wenyewe, mpe wa jirani yake

Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama, na ushauri unaotolewa kila mahali, kwamba "mrudishie alichokipenda", unaweza kumuumiza mzee.

Mtu aliyekuwa fundi hodari ana jicho kali. Mkono ukianza kumsaliti, jicho linaona. Mchukulie fundi cherehani mstaafu. Unampa suruali apinde miguu, kazi aliyoifanya maelfu ya mara. Anashona, anaona mshono umekwenda upogo, anafumua. Anashona tena, anafumua tena. Mara ya tatu anaitupa suruali na kusema mashine imeharibika, au nyinyi mmemharibia mashine. Siku nzima inakwisha kwa hasira, na kesho hata ukimwonyesha uzi anageuza uso.

Mzee huyohuyo mwekee mbele yake vipande vya vitenge vilivyobaki kwa mafundi na ubao uliopakwa gundi ya unga, umwombe avipange apendavyo. Mtazame mikono. Anakisugua kitambaa kwa kidole gumba kujua uzito wake. Anakivuta kwa pembe aone kinavyonyumbuka. Kilichochuja anakiweka kando bila kuambiwa, na vya rangi zinazogombana anavitenga. Ujuzi wake wote uko kazini, lakini hakuna mshono wa kulinganisha na mshono wa zamani. Hajawahi kubandika vitambaa ubaoni, kwa hiyo hakuna namna ya kuona kwamba siku hizi anabandika vibaya.

Basi kanuni ninayoifuata ni hii: tafuta kazi ambayo mkono unaijua lakini jicho haliwezi kuihukumu. Aliyeshona kofia za viua apewe kitambaa kigumu chenye matundu makubwa na uzi mnene apitishe. Mfinyanzi apewe donge la unga akande maumbo, asipewe chungu cha kupika. Mpaka hina wa maharusi apewe karatasi na brashi badala ya mkono wa bibi harusi. Mchoraji wa vibao apewe majani ya kugonga chapa. Mwanzoni kabisa mwa ugonjwa anaweza kuendelea na kazi yake halisi, na mwache aendelee. Dalili ya kuhama ni kufumua kunapozidi kushona.

Wapo wanaochagua kubaki na fani yao hadi mwisho, na hao usiwapokonye. William Utermohlen, mchoraji Mmarekani aliyeishi London, aliambiwa mwaka 1995 kwamba ana Alzheimer, na kwa miaka kadhaa aliendelea kuchora uso wake mwenyewe huku picha zikizidi kupoteza umbo, hadi alipoacha. Alifariki mwaka 2007. Picha zile zimeonyeshwa sehemu nyingi, na madaktari huzitazama kama kumbukumbu za ugonjwa. Mimi naziona kuwa ni kazi za mtu aliyekuwa bado mchoraji. Kwa vyovyote, mzee wako asipokuwa na kiu ya namna hiyo, usimtwishe.

Hatua ya nne: saa na mahali

Chagua asubuhi, baada ya chai na dawa, jua likiwa halijakaza. Wengi wao hubadilika alasiri inapoelekea magharibi: wanahangaika, wanataka "kwenda kwao", wanamshuku kila mtu. Huo si wakati wa kutoa vifaa vipya.

Zima televisheni. Kaa naye barazani au karibu na dirisha, mwanga ukitokea upande wake. Alizoea mkekani, mkalishe mkekani kama magoti yanaruhusu. Hayaruhusu, kiti chenye mikono na meza isiyoyumba. Dakika 15 hadi 30 zinatosha. Akitaka kuendelea, aendelee, ila usimsukume amalize. Na siku zote anza na salamu inayomstahili. Shikamoo hujibiwa marahaba hata na wazee waliopoteza maneno mengi, na akishaitika hivyo mnakuwa mmeanza akiwa yeye mkubwa na wewe mdogo, si mgonjwa na muuguzi.

Hatua ya tano: vifaa, na vya kuficha

Weka kila kitu ndani ya kikapu kimoja, ili siku mzee akiamka vizuri usipoteze muda kutafuta mkasi.

Kwa kusuka, tumia miyaa au ukindu uliokwisha kuchanwa. Uloweke kabla ili uwe laini, maana mkavu huvunjika na kukata vidole, na ngozi ya mzee ni nyembamba. Tia rangi mbili zinazopishana sana, nyeupe na nyekundu iliyokoza kwa mfano, kwa sababu dimenshia hufanya rangi zinazokaribiana zionekane moja. Kwa sababu hiyohiyo karatasi nyeupe isiwekwe juu ya meza nyeupe. Tandika kanga iliyokoza chini yake.

Kwa kufinyanga, kama huna udongo safi, kanda vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi na maji karibu kikombe kimoja. Lazima uwe macho: unga huo unafanana na wa chapati na una chumvi nyingi mno, na mwenye shinikizo la damu akiula ni hatari. Kwa anayependa kutia vitu mdomoni, kanda unga wa chapati wa kweli, apige madonge, asukume, kisha mpike mle. Hiyo nayo ni kazi ya sanaa, na inaishia kwenye sahani.

Kwa rangi, tumia za maji. Rangi za mafuta zina harufu kali na hazitoki mwilini kwa urahisi. Manjano iliyokorogwa, mkaa uliosagwa na maji ya rosela yaliyochemshwa hadi yakaiva hutoa rangi nzuri, na mzee akijipaka au akilamba hakuna balaa. Ukikosa wazo la nini cha kuchora, njia ya Tingatinga ni msaada mkubwa. Edward Said Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwenye vipande vya ubao, kwa rangi ya kupakia baiskeli, na wafuasi wake wakaikuza njia ile hadi leo: mandhari ya rangi moja, mnyama mkubwa katikati, na madoa mengi. Wewe chora umbo la ndege kanga au chui kwa mistari minene, yeye ajaze madoa kwa ncha ya kijiti kilichofungwa pamba. Madoa hayana makosa. Yakizidi, ndege wake ana manyoya mengi.

Vya kuficha: visu, sindano zenye ncha kali, mbuzi ya nazi, gundi za dukani zenye harufu, na shanga ndogo kwa aliyeanza kutia vitu mdomoni. Mpe shanga kubwa za mbao na kamba ngumu. Na usitoe vyote kwa mpigo. Chaguo liwe kati ya viwili: "Mama, tuanze na hii nyekundu au hii nyeupe?" Rangi kumi mezani humchanganya mtu hadi anakunja mikono.

Hatua ya sita: kuanza

Usimwambie "fanya". Mwombe msaada. Kama kusuka bado hakujamshinda, anza wewe kusuka, usuke vibaya kwa makusudi kidogo, karibu naye, bila kumtazama sana. Kisha:

"Mama, ukili huu umenishinda. Hebu niangalizie."

Anaupokea, anaugeuza, anacheka. "Nani kakufundisha hivi? Lete."

Na vidole vinaanza: mmoja juu, mmoja chini, anavuta, anabana kwa gumba. Ukisema neno wakati huo unaharibu. Kaa kimya, mpelekee ukindu unaofuata anapohitaji kuunga, basi.

Asipoanza, weka mkono wako chini ya wake au juu yake, polepole, uufanyishe mara mbili tatu kisha uachie. Kazi iwe imekwisha kuanzwa: ukili wenye urefu wa shibiri, kitambaa kilichofumwa safu tatu, donge lililokwisha kuviringwa nusu. Kuanzisha jambo kunahitaji mpango, na mpango ndio uliopotea. Kuendeleza kilicho mkononi ni rahisi zaidi.

Maelekezo yawe moja moja. "Shika hapa." Ngoja. "Vuta." Ngoja zaidi ya unavyodhani inatosha, maana jibu lake linakuja kwa mwendo wake. Na usimsifie kama mtoto wa chekechea. "Hongera bibi, umeweza!" inamwambia kwamba ulidhani hawezi. Sema unachokiona: "Nyekundu hii imekaa vizuri karibu na nyeusi." Hayo ni mazungumzo ya watu wazima juu ya kazi.

Hatua ya saba: sanaa ya maneno

Si kila mzee alikuwa mtu wa mikono. Bahati yetu ni kwamba fasihi tuliyolelewa nayo imejengwa kwa kuitana na kuitikiana, na kuitikia hudumu wakati kuanzisha kumeshakwisha. Sema "Paukwa!" halafu ngoja. Mara nyingi "Pakawa!" inatoka kabla mwenyewe hajajua. Mwanzie methali umwachie mwisho: "Haba na haba..." Vitendawili nenda navyo kwa uangalifu, kwa sababu kitendawili ni mtihani, na akishindwa mbele ya wajukuu ataona haya. Bora yeye atege, wewe ushindwe, umpe mji.

Makumbusho yako yamo ndani ya sanduku la kanga. Katika miaka ya 2000 jumba la sanaa la MoMA, New York, lilianza kuwapokea watu wenye dimenshia pamoja na wanaowatunza, wakikaa mbele ya picha chache na kuzizungumzia. Fanya hivyo nyumbani. Toa kanga tatu, si thelathini. Zitandaze, mzee aguse pindo, afuate maua ya mji kwa kidole, wewe usome jina. Usiulize, "Hii nani alikupa?" Hilo ni swali la kumbukumbu. Uliza, "Hii ungeivaa kwenda wapi?" au "Jina hili ungemsemea nani?" Hapo utasikia mambo ya mtaa ambayo pengine usingependa kuyasikia.

Tofauti hiyo kati ya kukumbuka na kubuni aliishika Anne Basting, Mmarekani wa Milwaukee, alipofanya kazi na wazee wa nyumba za matunzo katika miaka ya 1990. Aliona mazoezi ya kumbukumbu yanawafunga midomo. Akaleta picha, akawaambia watunge kisa, na kila jibu, liwe na maana au lisiwe nayo, liliandikwa. Njia hiyo inafanya kazi vizuri sana kwa Kiswahili. Kata picha kwenye kalenda ya zamani. Tuseme ni mwanamke sokoni, ana baiskeli, na jogoo amefungwa nyuma.

"Huyu tumpe jina gani, bibi?"

"Mwanahawa."

"Mwanahawa anakwenda wapi?"

"Kudai."

"Anadai nini?"

"Jogoo wake. Kaliwa."

"Na huyu jogoo aliye kwenye baiskeli?"

"Huyo ndiye shahidi."

Andika vilevile alivyosema, usimsahihishe, usimkumbushe kwamba jogoo yu hai. Kila baada ya majibu matatu manne msomee kisa tangu mwanzo, kwa sauti ya msimulizi wa kweli, yenye kupanda na kushuka. Atasikia maneno yake yamekuwa hadithi na ataongeza. Mwishoni kitieni jina, weka tarehe, hifadhi kwenye daftari.

Nyimbo ni somo refu, kwa hiyo nitaligusa tu. Tafuta zile za ujana wake, sio zako. Aliyezaliwa karibu na mwaka 1945 alicheza dansi katika miaka ya 1960, enzi za bendi za Cuban Marimba na Morogoro Jazz kule Morogoro, na NUTA Jazz Dar es Salaam. Mwenzake wa Unguja huenda alikua na taarabu ya Ikhwani Safaa. Aliyekulia msikitini ana kasida, wa kanisani ana tenzi za kwaya. Piga wimbo mmoja, kisha zima mwimbe wenyewe. Redio inayolia kutwa inageuka kelele. Mpe na kitu cha kupigia: sinia, kopo lenye mchele, meza.

Mambo yakiharibika

Yataharibika. Anafumua kazi yote aliyoisuka jana: mwache, kufumua nako ni kazi ya mikono, na kesho una ukindu wa kuanzia upya. Anasema umemwibia uzi: usibishane, usithibitishe. "Uzi umepotea kweli, hebu tuutafute wote," kisha upatikane. Anakataa katakata: toa vifaa, leta chai, jaribu siku nyingine kwa jambo jingine. Mara nyingi kukataa kunatokana na maumivu, haja ndogo, au kiti kibaya, na siyo chuki ya sanaa. Anakunja uso, anapumua haraka, anarudia neno moja, anasukuma meza: simamisha hapohapo, usingoje alie.

Anakana kazi yake: "Hii si yangu." Usimlazimishe kuikubali. Ning'iniza tu.

Ugonjwa ukikaza

Utafika wakati mikono haisuki tena wala mdomo hauitikii. Hapo sanaa huhamia kwenye pua, ngozi na sikio. Pwani tuna utajiri ambao nyumba za matunzo za Ulaya zingenunua kwa fedha nyingi. Tunga asumini mbele yake, mmoja mmoja, na mwachie uzi apitishe vidole. Funga kikuba cha mrehani na langilangi ukiweke karibu na mto wake. Mpake hina viganjani kama alikuwa mtu wa hina, polepole, kwa mistari mikubwa. Tumia hina safi ya majani na uiache piko, kwa sababu piko za dukani mara nyingi huwa na kemikali ya kutia nywele rangi inayoweza kuchoma ngozi. Udi ufukizwe mbali kama kifua chake kina shida. Mpe vitambaa vya kugusa: kitenge kipya chenye wanga, hariri, mkeka, taulo. Mwimbie wimbo aliokuwa akiwaimbia watoto wake.

Usitarajie kitu kionekane. Tazama pumzi zake, vidole vilivyokuwa vimekunjamana kama vimeachia, macho kama yamekufuata.

Kazi zake, majirani na simu yako

Kazi ikikamilika, au ikiachwa katikati, iandike jina lake na tarehe nyuma yake, kama kazi ya fundi yeyote. Itundike sebuleni mahali wageni wanapoketi. Katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na hata pale ambapo mambo hayafiki huko, mzee anayejisemea peke yake na kutangatanga usiku husemwa mengi. Mkalishe barazani asubuhi akisuka, jirani apite amwamkie. Mtu anayeonekana akifanya kazi ni vigumu kumgeuza jini.

Ukipata wa kununua mikeka au vitambaa vyake, uza, lakini hela ziingie kwenye matumizi yake na umwonyeshe noti mkononi. Usikubali oda. Oda ina tarehe, na tarehe humfanya mtunzaji aanze kumalizia kazi usiku kwa mkono wake mwenyewe.

Picha na video ni za familia. Kabla hujazirusha kwenye kundi la ukoo, jiulize kama mama, angekuwa na akili zake timamu, angekubali kuonekana bila mtandio, gauni lina madoa ya manjano. Piga picha mikono na kazi, uso uuache. Gawaneni zamu pia: mjukuu anayetoka shule saa nane anaweza kushika kikapu Jumamosi asubuhi, na kaka aliyeko Muscat au London apige simu ya video saa ileile ya kazi, asiulize "Mama unanikumbuka?" bali aseme, "Mama, naona unasuka. Huo wa nani?"